Ya Tatu Kutoka Juu

4 Februari

Mdogo wangu Tochi,

Nakusalimu kwa jina la Mwenyezi Mungu aliyetuamsha leo, mimi huku na wewe huko. Sisi wazima, tukiondoa magoti ya Mama ambayo siku hizi yana hiari yao. Yakikubali, anazunguka nyumba nzima akinikosoa. Yakikataa, anakaa karibu na dirisha na kunikosoa kutoka palepale, kwa hiyo kazi yake haijalala. Jioni anakuulizia. Namwambia Tochi hajambo, yuko kazini. Ananijibu, "Kazi gani hiyo haina hata siku ya kuoga?"

Utasema kwa nini sipigi simu. Mdogo wangu, kwenye simu tunagombana. Tangu tulipomzika Mzee kila tukisikilizana sauti mmoja wetu anakata. Kwenye barua angalau tunaheshimiana.

Sasa neno lililonikalisha hapa. Lile sanduku lako la kuhifadhia picha kule chumba cha nyuma, ulilolifunga kabla hujaondoka, limeanza kulia. Linalia kama kifaranga aliyepotezana na mamaye, na wateja wanageuza shingo katikati ya picha. Nimelifunika kwa lile blanketi la kupigia picha za vichanga, wapi. Nikaenda kwenye kioo chake nikaandika maneno uliyonibandikia ukutani, likanijibu habari nyingi nisizozijua, na mwisho wake limeandika hivi: U, tena U, halafu kistari kimelala chini, halafu U. Zamani zilikuwa U nne. Picha bado zinafunguka zote, nimejaribu.

Usiniambie ni jambo dogo. Mle ndani mna kila uso uliopita studio hii tangu Mzee alipoacha filamu. Nikikaa pale nyuma ni kama namsikia anavyowaambia: "Usinitazame mimi. Tazama hapa kwenye jicho la kamera, yupo unayempenda humu ndani." Na mtu hata awe amekunja sura namna gani, analainika.

Na mle ndani ndimo ilimo picha ya Mzee mwenyewe, ile niliyompiga wiki zake za mwisho, moja tu, maana unajua alivyokuwa hapendi kukaa mbele. Umeniomba mara mbili nikutumie. Sijaituma, na sijaichapisha. Nilikwambia na narudia: ipo, njoo uione. Ukifika tutaichapisha pamoja. Kabla ya hapo, hapana.

Dada yako

---

19 Februari

Dada,

Shikamoo. Nimefurahi mko salama. Mama apake ile dawa hata kama hapendi harufu yake.

Usiogope. Kila U ni diski iliyo hai, kile kistari ni iliyokufa. Huo mpangilio unaitwa RAID. Picha haikai kwenye diski moja. Inakatwa vipande, vinagawanywa kwenye diski zote, pamoja na hesabu kidogo, ili moja ikifa zile tatu zilizobaki ziweze kukumbuka alichokuwa nacho mwenzao. Ndiyo maana bado unaona picha zote.

Nunua diski ukubwa uleule. Zima sanduku, toa ya tatu kutoka juu, weka mpya mahali pake, washa, kisha andika maneno niliyoambatisha hapa chini. Litachukua muda mrefu kujijenga upya. Usiguse diski nyingine yoyote. Kwa sasa hakuna wa kumshikia mwenzake.

Samahani kwa kuchelewa. Natayarisha toleo jipya la ile programu inayosimamia diski za namna hii. Mtu aliyeianzisha amestaafu, nimebaki peke yangu. Sehemu kubwa ya kazi ni kutengeneza diski za uongo kwenye kompyuta na kuziua moja moja, kuona kama programu inatoa taarifa inavyopaswa. Wiki hii nimeua nyingi. Watu wanaotumia kompyuta za Linux kila siku hawajui kama programu hiyo ipo, mpaka siku diski inapokufa, ndipo wananiandikia kwa hasira.

Msalimie sana Mama.

Tochi

---

2 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Nakuandikia haraka na salamu utazijazia mwenyewe, Mama hajambo.

Nimefanya kama ulivyosema, neno kwa neno. Nilisali kwanza. Nimezima, nimehesabu kutoka juu kwa kidole, moja, mbili, tatu, nikaivuta. Nilipoiona nilicheka kidogo, siku nyingine nitakueleza kwa nini. Nimeweka mpya, nimewasha.

Tochi, picha hazipo. Maneno yalikimbia kwenye kioo kama maji, kisha yakasimama. Sasa naona U mbili, moja kila upande, na katikati vistari viwili. Sanduku limeacha kulia, na hiki kimya sikipendi.

Sijagusa kitu tena. Yule fundi wa kompyuta wa ng'ambo ya barabara, tunayemwita Hakunashida, amekuja kuchungulia. Nikamwuliza, akanijibu kama jina lake. Nimemwambia asubiri, mwenye sanduku atajibu leo au kesho.

Nijibu.

Dada

---

11 Machi

Tochi,

Salaam. Sijui kama ulipata barua yangu. Naandika nyingine, labda ile ilipotea, ingawa hizi za kompyuta mliniambia hazipotei.

Mama wa duka la nyuzi amefiwa na mwanawe, ameangukiwa na ukuta kazini. Anataka ile picha ndogo ya kitambulisho aliyopigwa hapa tuikuze. Nilimwambia njoo kesho. Alikuja. Nikamwambia tena kesho. Anakaa kwenye benchi la wateja, mkoba magotini, hanilaumu. Afadhali angenilaumu.

Leo Hakunashida amenionyesha kwenye simu yake ukurasa wa ile programu yako. "Dada, huyu si mdogo wako? Mbona jana amemjibu mtu, na juzi wawili?" Nimesoma kwa shida lakini nimeelewa. Kuna mtu diski zake zimekufa, umemwandikia hatua kwa hatua, umemwambia pole. Mtu hujui hata kama ana ndevu au hana.

Nimesema labda hujui kuwa ni mimi ninayekuandikia.

Dada yako, mtoto wa mama yako

---

15 Machi

Mdogo wangu,

Mungu akulinde. Hakunashida amelifanya lile sanduku jana, sikuweza kumzuia tena, na mama wa nyuzi alikuwa amekaa palepale. Alitoa diski moja moja, akakuta moja haijibu kabisa, akaitupa pembeni. Ile niliyoitoa mimi akairudisha. Akaandika maneno yake. Sanduku likamwuliza kitu. Nikasema linauliza nini? Akasema, "Linauliza kama nina uhakika. Yanaulizaga hivyo yote." Akabonyeza.

Linafanya kazi tangu jana. Leo asubuhi zimetokea U nne, nzuri, zimejipanga.

Ila ndani ni tupu.

Dada

---

15 Machi

Dada, zima. Chomoa waya ukutani sasa hivi. Asiguse mtu.

Kisha nijibu hili moja: tangu nilipoondoka, zile diski zimewahi kuhamishwa?

Tochi

---

16 Machi

Tochi,

Nimechomoa palepale. Karibu dakika hiyohiyo umejibu, kumbe unaweza.

Umeuliza kama zimehamishwa. Ndiyo. Baada ya arobaini ya Mzee nilisafisha studio yote, mpaka mapazia nikayashusha. Lile sanduku lilikuwa na vumbi la kuotesha mchicha. Nikalizima, nikazitoa zote nne, nikazifuta moja moja kwa kitambaa cha lenzi. Ndipo nikaona vile vibandiko vya majina ulivyoviweka, nami sikuwahi kujua. Juu kabisa umejiweka wewe, Tochi. Chini yako mimi. Chini yangu Mama. Na chini kabisa, sakafuni, Baba.

Najua ni utani wako wa ujana. Lakini tulikuwa tumetoka kumzika. Sikuweza kumrudisha chini. Nikawapanga kama watu: Baba juu, kisha Mama, kisha mimi, na wewe mdogo chini. Nikawasha, likafanya kazi vizuri kabisa, likapita mwaka. Kwa hiyo nilijua halikukasirika.

Na siku ile uliponiambia nitoe ya tatu, nilivuta nikakuta imeandikwa Dada. Ndicho kilichonichekesha. Nikasema kumbe ni mimi niliyekufa, na huku bado napika.

Kwani kuna ubaya?

Dada

---

2 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nimeandika barua hii mara nyingi na kuifuta.

Ubaya haukuwa kwenye kuzipanga. Kila diski ina alama ndani yake inayosema yeye ni wa ngapi, kwa hiyo programu haijali umeziweka wapi. Ni mimi niliyejali. Wa tatu kwenye hesabu yake alikuwa Mama. Kwenye sanduku ninalolijua mimi, Mama alikuwa wa tatu kutoka juu. Kwako wa tatu ulikuwa wewe, mzima. Mama amekufa, wewe umetolewa, zikabaki mbili. Mbili hazitoshi kukumbuka.

Hata hapo hakikuwa kimeharibika kitu. Ungeirudisha ile diski yako, ningekuandikia mstari mmoja, na picha zingerudi zote siku hiyohiyo. Lakini Hakunashida alitengeneza mpangilio mpya juu ya ule wa zamani. Programu inapofanya hivyo inachukua diski ya mwisho na kuiandika upya yote. Ya mwisho, kwa jinsi ulivyotupanga, ilikuwa ya kwangu. Hiyo haina kitu tena. Ya Mama ndiyo ile iliyokufa yenyewe. Imebaki ya Baba na yako.

Kwenye mwongozo wa programu, ambao nimeuandika mimi, ukurasa wa kwanza unasema: usitoe diski kwa kuhesabu nafasi, soma namba iliyo mgongoni mwake. Nawaandikia hivyo watu nisiowajua kila wiki. Mstari wa pili unasema mpangilio huu si badala ya kuweka nakala pengine. Wewe sikukwambia namba, kwa sababu lile sanduku naliona hata nikifumba macho. Nilidhani naliona.

Na ningeweza kukwambia utoe iliyoandikwa Mama. Niliandika hivyo kwanza: Mama amekufa, mtoe. Nikaisoma, nikakuwaza unaisoma peke yako kwenye kile chumba. Nikaifuta, nikaandika ya tatu kutoka juu.

Barua yako ya tarehe mbili niliiona. Sikuifungua. Ya tarehe kumi na moja pia. Nilidhani ni ile habari ya kunitaka nije nyumbani.

Nitumie diski mbili, ya Baba na yako. Zifunge kwenye nguo nzito, si kwenye magazeti. Nitajaribu kuokota vilivyomo. Usimwahidi mtu kitu.

Hakunashida usimlaumu. Swali lile la kama una uhakika, nililikuta kwenye programu nikaliacha hivyohivyo.

Tochi

---

14 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimezifunga kwenye sweta la Mzee, lile la kijivu lenye kiwiko kilichotoboka. Sweta usirudishe.

Nimemwambia ukweli mama wa duka la nyuzi. Aliniuliza, "Hakuna hata kidogo?" Nikasema labda kidogo, Mungu akipenda. Akaniambia, "Mimi hicho kidogo nitakichukua." Ameendelea kuja, siku hizi bila kuuliza. Anapita tu mlangoni na kunitazama.

Nimekusoma vizuri. Hasira yangu nimeipeleka kwenye sala na nimerudi nayo imepungua, haijaisha. Zile barua mbili, hungezifungua hata kama ningeandika Mama anakata roho? Usinijibu. Nimeuliza ili itoke.

Studio naifungua asubuhi kama kawaida. Nikipiga picha mpya naziweka sehemu mbili, kisha natoka nje kupunga upepo, maana chumba cha nyuma hakikaliki.

Dada

---

28 Juni

Dada,

Shikamoo. Mama anaendeleaje? Nilipata mzigo. Sweta ninalo.

Niliandika kijiprogramu kidogo cha kuzisoma diski mbili tu, bila kuziandikia chochote, na kuokota kila kipande kinachofanana na picha. Picha ndogo nyingi zimesalimika, kwa sababu zilitosha ndani ya kipande kimoja na hazikukatwa. Vitambulisho, karibu nusu yake. Mtoto wa mama wa duka la nyuzi yumo. Nimemtafuta kwa tarehe uliyoniambia, ni yule mwenye shati la mistari, kola moja imeingia ndani. Nimekutumia mzima, mkuzie.

Zile kubwa zimekatika. Harusi zina paji la uso na hazina mdomo, au zina meza bila watu. Nimetazama nyingi. Nimewaona hata watu niliosoma nao, vipande.

Ya Mzee nimeipata kipande kimoja. Mwanzo wa picha ulikuwa kwenye diski yangu, kwa hiyo umekwenda, na picha isiyo na mwanzo haifunguki. Niliazima mwanzo wa picha nyingine ya kamera ileile nikaubandika mbele yake. Ikafunguka ukanda mmoja wa katikati, rangi imekuwa ya kijani kidogo. Ni mikono yake. Iko magotini, wa kulia juu ya wa kushoto, na kidole gumba kimefungwa kitambaa. Juu yake kijivu kitupu, chini yake kijivu kitupu. Nimekaa nayo.

Toleo jipya la programu limetoka. Sasa diski ikifa, programu inataja namba iliyo mgongoni mwake, haisemi ya ngapi tu. Na mtu akitaka kutengeneza mpangilio mpya juu ya diski zenye alama za zamani, hawezi kubonyeza ndiyo tu. Programu inamwambia ilichokikuta na lini kiliguswa mara ya mwisho, na anatakiwa aandike jina la kile anachokwenda kukifuta. Watu wamelalamika. Mmoja ameandika kwamba namchelewesha. Nimeacha hivyohivyo. Pia nimebandika tangazo kwamba natafuta wa kuitunza pamoja nami. Mpaka leo hajajitokeza mtu.

Dada, wewe ndiye uliyekuwa nyuma ya kamera. Uso ulikuwaje?

Tochi

---

15 Julai

Mdogo wangu Tochi,

Marahaba, na amani ya Mungu ikukute umekaa. Mama magoti yamemshinda kabisa mwezi huu, sasa ni dirishani tu. Hamkosoi mtu. Ndiyo dalili inayonitia hofu.

Mama wa duka la nyuzi amechukua mwanawe. Nilitaka kumnyoosha ile kola kwenye kompyuta, akanishika mkono. "Iache. Ndivyo alivyokuwa anavaa."

Ile mikono nimeichapisha kama ilivyo, na kijani chake. Nikampelekea Mama. Akaishika karibu na macho muda mrefu, akasema, "Huyu namjua. Kichwa mmekipeleka wapi?" Nikamwambia Tochi anakitafuta. Akasema, "Basi na aje nacho." Kitambaa cha kidole ni mimi niliyemfunga, alijikata akikata mkate. Alikataa nimkatie, unamjua.

Umeniuliza uso. Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilitaka niwe na uhakika ninachokumbuka ni ile picha, si Mzee mwenyewe, maana vinachanganyikana.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda cha wateja, amevaa lile sweta. Alikuwa amekonda, shingo inacheza ndani ya kola. Nilipoinua kamera alikunja sura kama mtu anayesubiri sindano. Nikahesabu moja, mbili, tatu, nikashindwa kubonyeza. Ndipo nikamwambia maneno yake mwenyewe: "Mzee, usinitazame mimi. Tazama hapa, yupo unayempenda humu ndani." Alicheka kwa pua. Akaniuliza, "Nani?"

Nikamjibu, "Tochi."

Tochi, alitazama. Alisogea mbele kidogo, kama mtu anayesikia mlango wa nje. Jicho moja lilikuwa la kukugombeza kwa kuchelewa, jingine lilikuwa limekwisha kusahau. Mdomo ulikuwa wazi, meno mawili ya chini yanaonekana. Alikuwa anataka kusema jambo. Ndipo nikabonyeza. Kisha akaegemea nyuma akasema, "Hayumo," akainuka akaenda kulala.

Ndiyo maana sikuituma. Ilikuwa si picha ya kutazamwa na mtu mwingine. Nilikuwa nakungoja wewe ukae mbele yake.

Sasa imebaki kwangu tu, na mimi nami sina nakala.

Sanduku nimelifuta vumbi. Diski zilizobaki nimezitoa, ndani mna nafasi nne tupu na sijaweka kitu. Kigoda kipo palepale, sijakisogeza. Sikuombi uje, nimekoma kuomba. Nakwambia tu kwamba ukija, utakaa pale, nami nitasimama pale alipokuwa akisimama yeye, na nitakwambia usinitazame mimi, utazame kwenye jicho la kamera. Hutaniuliza nani.

Dada yako